Ukurasa Niliouficha

Wapendwa, nimesimama mbele yenu na karatasi, mnisamehe. Wengine husimama hapa na maneno yanatoka tu yenyewe. Mimi yangu yakitoka bila kuandikwa huwa siyaamini. Kwa hivyo nitasoma, na mkiniona nimeinua macho mjue hapo nimeongeza.

Wengi mnanijua kama yule mama wa Yamumbi anayekaa karibu na dirisha na kuondoka kabla ya chai. Mimi ni nesi. Si nesi wa digrii. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata cheti cha uuguzi, nikaishia hapo. Hospitali ninayofanya kazi iko hapa Eldoret na sitaitaja, na sitataja mtu yeyote kwa jina. Mtaelewa kwa nini. Niliwahi kuandika majina ya watu vizuri sana, na mtasikia yaliyofuata.

Nianze na daftari. Tangu shuleni naandika. Si mambo makubwa. Mvua imenyesha, jirani ameomba jembe, mtoto amekohoa. Nilipoingia uuguzi nikapata watu wa aina yangu, maana kwetu kitu ambacho hakijaandikwa ni kama hakikufanyika. Umempa mgonjwa dawa? Andika. Saa ngapi? Andika. Amekataa? Andika amekataa, na sababu aliyotoa, kwa maneno yake mwenyewe. Mkono umezoea hivyo mpaka hata nyumbani naandika kwa saa na dakika. Mume wangu husema siku atakayokufa nitatafuta kalamu kwanza ndipo nilie.

Mwaka juzi mkataba wetu na hospitali ulikuwa umeisha, na chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa mezani na wakubwa kutafuta mpya. Watu wa nje wakisikia mkataba hufikiria mshahara. Mshahara ulikuwemo, sidanganyi, lakini kilio chetu kikubwa kilikuwa mikono. Wodi yangu ni ya akina mama waliotoka kupasuliwa. Vitanda thelathini na nne, manesi wawili, na mmoja akienda maabara kuchukua damu unabaki peke yako. Huyu dripu imeisha, yule anatapika, mwingine anaita "Sista! Sista!", na yule aliyenyamaza ndiye wa kuogopa zaidi. Tulitaka iandikwe kwenye mkataba: nesi wa tatu, kila shifti. Hilo ndilo lilinitoa nyumbani, mimi mwoga, nikaenda mikutanoni.

Niseme na upande wa wakubwa, isiwe naongea upande mmoja. Wao walisema manesi hawakai, ukiwaajiri wanaenda ng'ambo. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilichangia keki ya kuwaaga watatu.

Tulikuwa tunakutana kwa hoteli ya mama mmoja Msomali pale mjini, chumba cha nyuma. Sharti lake lilikuwa moja, kila mtu anunue chai. Siku ya kwanza akaniona kwenye kona nimeinamia daftari.

"Na huyu? Ni nesi ama ni polisi?"

"Huyo ni karani wetu, Mama."

"Karani! Hata bei ya chapati yangu ameandika?"

Nilikuwa nimeiandika. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka.

Aliyeniita karani alikuwa rafiki yangu. Hakuna mkutano uliokuwa umenichagua, ulikuwa utani wake tu. Yeye alikuwa nesi wa wodi ya watoto, tulianza kazi wiki moja, na tulikuwa tunabadilishana shifti mtoto akiwa mgonjwa. Ana mdomo, sitaficha, na mdomo wake ulikuwa umenitetea mara nyingi. Yeye ndiye aliyetuonyesha namna ya kutia sahihi barua yetu kwa wakubwa. Alichukua kifuniko cha sufuria jikoni kwa Mama, akachora duara katikati ya karatasi, akasema kila mtu aandike jina lake kuzunguka. Tukaandika. Karatasi ikawa kama watu wameketi kuota moto. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. "Sasa wakitaka kiongozi," akasema, "waizungushe mpaka wapate kizunguzungu."

Barua yetu haikuwa na kichwa, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeipatia.

Mkutano wa nne ulikuwa na joto. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba nesi wa tatu amekataliwa. Rafiki yangu akasimama. "Wakikataa, asubuhi ya mazungumzo sisi wote tunaumwa. Wote! Tuone hao wenye tai wakishika bedpani, wakimwaga choo cha wagonjwa." Watu wakapiga meza. Nikaandika: saa kumi na dakika ishirini, jina lake, maneno yake. Ukurasa ukaisha hapo.

Halafu mtu akauliza, kwa sauti ndogo tu, "Na yule mtoto wa oksijeni kwa wodi yako?" Rafiki yangu akakaa. Kisha akasema, "Basi. Hiyo ya kuumwa nimeiondoa. Hatuachi mgonjwa. Nimekasirika tu, futeni." Nikageuza ukurasa, nikaandika juu kabisa: saa kumi na dakika ishirini na sita, ameondoa, amesema hatuachi mgonjwa.

Mshike hizo kurasa mbili. Shida yangu yote iko hapo.

Sasa, kitabu cha ripoti cha wodi, kile tunachokabidhiana nacho shifti ikiisha, ni cha jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu. Daftari langu pia. Nililinunua hivyo kwa sababu nilikipenda kile cha kazi, ujinga tu. Asubuhi moja nikatoka shifti ya usiku. Nikasoma ripoti, kitanda kwa kitanda, nikamaliza, nikaweka kitabu kwa meza kando ya daftari langu, nikatia daftari mkobani, nikavaa sweta, nikaenda. Kufika Yamumbi nafungua mkoba niandike nimefika, nasoma, "Kitanda cha tano, kidonda kikavu, amekunywa uji."

Nilirudi kwa boda boda bila kubadilisha hata viatu. Msimamizi wa wodi, yule tunamwita inchaji, alikuwa kwa meza. Akanipa daftari langu akicheka. "Sista, leo umeniachia maisha yako ukabeba wagonjwa wangu."

Sikumwona akisoma. Nasema tena hapa mbele ya Mungu, sikumwona, na mpaka leo siwezi kusema ni yeye. Daftari lilikaa kwa meza kama masaa matatu, na hapo hupita watu wengi. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, nikajiambia hakuna kitu.

Siku ya tatu rafiki yangu akapewa barua ya kujieleza. Alitusomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akisimama na soksi moja. Ilisema kwamba mnamo saa kumi na dakika ishirini alichochea wenzake wajifanye wagonjwa. Maneno yake yalikuwa pale yote, mpaka ile ya bedpani. Ya ukurasa uliofuata hayakuwepo.

"Hii dakika ishirini nani alishika?" mmoja akauliza.

Wakanigeukia. Rafiki yangu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Karani, daftari liko wapi?"

Nikasema nimelichoma. Nikasema nililichoma wiki iliyopita nilipoona mambo yanakuwa moto, ili tuwe salama. Akanikumbatia. Akasema, "Umefanya vizuri." Wapendwa, nimepigwa maishani, lakini hakuna kofi lililoniuma kama kule kukumbatiwa.

Basi wakasema, kama si daftari, kuna mtu alirekodi kwa simu. Wakakumbuka mwenzetu mmoja mdogo, aliyeajiriwa mwisho, ambaye huweka simu juu ya meza kila akikaa. Hakuna aliyemtaja kwa sauti. Waliangaliana tu, na ikawa imeamuliwa. Mimi nilikuwa pale na nikaangaliana nao.

Mtu akishtakiwa kwetu anaruhusiwa kuja na mwenzake mmoja. Rafiki yangu akanichagua mimi. "Wewe kichwa chako ni daftari," akasema, "nikisahau utanikumbusha." Tukaingia chumba cha kusikiliza mashtaka. Kulikuwa na wakubwa watatu na jagi la maji. Walimsomea maneno yake. Hakukana. Akasema, "Niliyasema, halafu nikayaondoa hapo hapo. Watu wote walisikia." Mwenyekiti alikuwa mpole, lazima niseme hivyo. Akanigeukia akauliza, "Sista, ulikuwepo. Aliyaondoa?"

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa kwa magoti yangu. Nililisikia zito kama mtoto. Nikawaza, nikisema ndiyo wataniuliza dakika ngapi, nani aliuliza, maneno gani, na mimi sijui kuongea nusu, nitatoa yote. Watajua daftari ni la nani, na wenzangu watajua sikulichoma. Watoto wangu wawili wako shule. Nikasema, "Nakumbuka kitu kama hicho. Lakini sina uhakika."

Rafiki yangu aligeuza shingo polepole akaniangalia. Wiki hiyo akafukuzwa.

Nyumbani nilizika daftari ndani ya gunia la mahindi, chini kabisa. Wiki sita sikuandika hata mstari. Hamuwezi kujua hiyo ni nini kwangu. Nilikuwa nalala nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala. Ugali ulikuwa unanikwama kwa sababu ulitoka kwa gunia lile. Niliandika barua ya kuacha kazi kichwani kila asubuhi, na kila asubuhi nikavaa yunifomu. Kuna mama mmoja nilikuwa namtafutia mshipa akaniuliza, "Sista, ni mimi natetemeka ama ni wewe?" Nikamwambia ni baridi. Ilikuwa baridi kweli, ilikuwa Julai, lakini haikuwa baridi.

Hapo ndipo nilipoacha kuja hapa ushirika. Mlituma watu wawili, nikawaambia nina shifti. Sikuwa na shifti. Sala nilikuwa naanza, nafika mahali pa kusema "nisamehe," naona hapana, siwezi kuomba Mungu anisamehe kitu ambacho mwenyewe bado nakifanya. Maana haikuwa jambo la siku moja. Kila siku niliyonyamaza nilikuwa namfukuza tena. Alikuwa amepewa muda wa kukata rufaa, na nilikuwa nahesabu zile siku, na mimi, Mungu anajua, kuna sehemu yangu ilikuwa inangoja ziishe.

Zilikuwa zimebaki mbili nilipoingia kile chumba cha kuoshea bedpani mchana mmoja. Nikamkuta yule mwenzetu mdogo. Alikuwa amesimama kati ya sinki na ndoo za klorini, anakunywa chai. Amefunika kikombe kwa kiganja ili mvuke wa dawa usiingie.

"Hapa kuna harufu," nikamwambia.

"Nimezoea, Sista."

"Si uende kule kwa wengine?"

"Nikiingia wanatoka," akasema. "Huku hakuna mtu wa kutoka." Akapiga funda. "Kwani niliwafanyia nini? Wewe hukai nao kwa maneno mengi. Niambie tu ukweli."

Alikuwa ananiuliza mimi ukweli. Nikasema sijui. Nikatoka. Nikafika mlangoni kwa wodi, nikasimama. Si sauti ya Mungu niliyosikia, nisiwadanganye, watu wengine husikia. Mimi nilisikia tu kijiko chake kikigonga kikombe.

Shifti ilipoisha nikaenda nyumbani nikamwaga gunia lote sakafuni. Mume wangu akasimama mlangoni. Akauliza, "Unatafuta panya?" Nikasema ndiyo. Kisha nikamwambia. Akakaa chini kwenye mahindi, akanisaidia kutafuta.

Rafiki yangu anaishi Kapsoya. Nilimkuta nje anakata mboga za sukuma. Nikaweka daftari kwenye stuli kando ya kisu. Nikasema, "Sikulichoma."

Akafuta mikono kwa leso. Akasoma. Si kurasa mbili tu, alisoma mikutano yote minne, na mimi nimesimama, hakuniambia nikae, na ilikuwa haki yake. Alipofika kwenye bei ya chapati alitabasamu kidogo, kisha ikapotea. Alipofunga alikuwa analia bila sauti.

"Nimekutafuta humu," akasema.

"Kunitafuta?"

"Mimi niko. Mama wa hoteli yuko. Hata chapati iko. Wewe hauko. Mikutano minne hujasema neno moja. Nilikuwa nakuona unaandika, nafikiri uko na sisi." Akasukuma daftari likanirudia. "Na siku moja tu niliyohitaji useme, ukasema huna uhakika."

Nikapiga magoti, nikamwambia na ya yule mdogo na chai yake. Akaniambia, "Amka, utachafua yunifomu." Halafu akasema, "Kwangu usianze. Anza kwa huyo mtoto wa watu mnamfanya anywe chai chooni. Mimi naweza kungoja mpaka kesho."

Kesho yake walikutana kwa hoteli na nikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza. Niliwaambia kama ninavyowaambia ninyi, ila vibaya zaidi, nikikatizwa. Mtu alisema "nyoka." Mwingine alivuta kiti ili aondoke. Mama wa hoteli alikuwa mlangoni na sinia. "Keti," akamwambia. "Mwache amalize. Na hakuna anayetoka kabla ya kulipa chai." Yule mwenzetu mdogo aliangalia meza muda wote. Nilipomaliza alichukua simu yake, akaiweka mfukoni, akatoka nje. Hakuna aliyemfuata. Walikuwa na aibu, na aibu ilikuwa yangu kwanza.

Rufaa ikaingia siku ya mwisho. Nikarudi kwenye kile chumba, jagi lile lile. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikageuza, nikasoma wa pili. Mwenyekiti akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile?" Nikasema, "Niliogopa." Akaandika. Nilimwangalia akiandika, na nikajua anavyojisikia mtu ambaye maneno yake yanaandikwa.

Sasa mngependa niwaambie alirudishwa kazi. Hakurudishwa. Walikubali hakuchochea mgomo, wakafuta ile barua ya kumfukuza, wakampa nyingine safi ambayo anaweza kuonyesha popote. Lakini nafasi yake ilikuwa imejazwa. Nesi aliyeingia hana kosa, naye ana watoto. Kama ningesema ndiyo ile siku ya kwanza, nafasi ingekuwa bado wazi. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi na haibadiliki. Mimi nilipewa onyo la mwisho, na naona ni haki.

Mkataba ukatiwa sahihi miezi michache baadaye. Tulipata nesi wa tatu, kwa shifti ya usiku peke yake, kwa wodi yangu na ya watoto. Nusu ya tulichoomba. Kila jioni nikimwona yule wa tatu anaingia anavua koti, namwona rafiki yangu aliyesimama kumpigania, na hayuko.

Siku hizi yuko kwenye kliniki ndogo huko upande wa Kaptagat, anafunga bendeji miguu ya wakimbiaji wa mbio. Nikimpigia simu anapokea. Yeye hapigi.

Kwa hivyo sijui kama huu ni ushuhuda, wapendwa. Mchungaji alisema niseme nilivyoinuka. Nimeinuka kiasi cha kusimama hapa.

Namshukuru rafiki yangu, aliyesoma mpaka mwisho wakati angeweza kunitupia kisu na sukuma zake. Namshukuru yule mdogo. Miezi mitatu hakunisalimu, kisha siku moja akaweka kikombe chake karibu na changu, na tangu hapo ndivyo tunavyokunywa. Namshukuru Mama wa hoteli. Namshukuru inchaji wangu, ambaye nilimshuku moyoni wiki sita nzima bila ushahidi, na nimemwomba msamaha kwa hilo. Namshukuru mume wangu kwa kukaa kwenye mahindi. Na ninyi mliotuma watu wawili, samahani kwa uongo wa shifti.

Fundisho mnaweza kulitoa wenyewe vizuri kuliko mimi. Langu ni dogo. Nilidhani nikiandika haki nimetenda haki. Niliandika vizuri, kila dakika, kila mtu, kila upande, na nikamwacha mwenzangu azame katikati ya kurasa mbili nilizokuwa nazo kwa magoti. Kama kuna mtu hapa anajua neno linaloweza kumtoa mwenzake mahali, asingoje awe na uhakika zaidi. Uhakika nilikuwa nao. Nilichokosa ni mdomo.

Daftari nimeanza tena. Leo nikifika nyumbani nitaandika: saa nane na robo mchana, mvua imeanza, ushirika umejaa. Halafu nitaandika aliyesema, na kwa mara ya kwanza jina litakuwa langu.